Nimesusa, Wenzangu Wanakula

Nimesusa. Naomba ieleweke vizuri, jirani, maana huku mtaani wanasema nimeishiwa. Sijaishiwa. Yaani nimeishiwa, lakini hiyo ni kesi nyingine. Bahati nasibu ya jimbo la Tennessee nimeisusia kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na dola moja mfukoni. Sinunui tiketi tena mpaka waache kuchezesha droo kwa kompyuta, warudishe mipira. Leo ni wiki ya kumi na moja. Hakuna aliyenipigia simu.

Nilitegemea nini? Nilidhani ukisusia kitu cha serikali kuna mtu atashtuka. Atatazama makaratasi yake, ataona pengo la dola moja kila jioni pale kituo cha mafuta cha Murfreesboro Pike, atamwita bosi, bosi atavua miwani. Wapi! Kule kwetu Manzese nikisusa ugali, mama alikuwa anajua kabla sijamaliza kununa. Alikuwa anasema tu, susa, wenzio wanakula. Na wanakula kweli. Huku Nashville hata hawakugundua kama nilikuwepo mezani.

Mchezo wenyewe unaitwa Cash 3. Unachagua tarakimu tatu, sifuri mpaka tisa. Unatoa dola moja. Zikija kama ulivyozipanga unakula $500. Zisipokuja unabaki na karatasi, ambayo haifai hata kufungia karanga. Namba yangu ni moja-moja-sita. Moja ya Kulwa, moja ya Doto, mapacha wangu, sita ni mwezi waliozaliwa. Nikitoka shifti ghalani napita kituo cha mafuta. Jamaa wa kaunta akiniona tu naegesha, ananipigia tiketi kabisa. Jina langu halijui. Ananiita Moja-Moja-Sita, kama mfungwa.

Mke wangu, Mama Kulwa, hajui. Yaani alikuwa hajui. Kule Dar nilimwapia mbele ya mchungaji, baada ya ule mkasa wa mkeka na hela ya kodi, kwamba kubeti basi. Na sijabeti. Kubeti kuna mpira. Hii haikuwa na mpira.

Hapo ndipo uchungu ulipo, jirani. Mimi nilidhani ipo mipira. Kila usiku natoa simu, naangalia matokeo, namba zimekaa ndani ya viduara, zinang'aa. Mimi nikajua ndiyo mipira yenyewe imepigwa picha. Kichwani nikajichorea dada mmoja amevaa gauni refu, ana pipa la kioo, mipira inarukaruka mle ndani kama bisi. Nikawa na ubia naye yule dada. Nikawa naongea naye. Dada, jana umenifanyia makusudi. Dada, leo nikumbuke.

Siku hiyo mpwa wangu alikuwa kochini nyuma yangu. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni. "Mjomba, unaongea na nani?"

"Na dada wa mipira."

"Dada gani?"

Basi akanieleza. Hakuna dada. Hakuna pipa. Hakuna mpira hata mmoja. Kuna kompyuta, inajibahatishia namba yenyewe. Nikamuuliza tangu lini. Tangu 2007, mjomba. Mimi Marekani nimeingia 2016. Yule dada sikumkuta hata siku moja. Miaka miwili nambembeleza mtu aliyeondolewa kazini nikiwa bado naendesha daladala.

Nikajikaza. Nikamwambia sawa, hata kompyuta ina utaratibu wake. Namba ziko 1,000. Mimi nimecheza jioni 730. Kwa hiyo zimebaki 270, na yangu imo humohumo, tunaisubiri tu itoke. Kijana akaniangalia vile daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. "Mjomba, ile mashine haikumbuki ya jana. Kila jioni inaanza upya." Ikaniuma, bana. Mimi nakumbuka kila jioni. Nakumbuka mpaka ile ya moja-sita-moja. Kumbe nashindana na kitu ambacho hata hakijui kama nimo.

Wala hapo sikuwa nimesusa. Nilisusa baada ya yeye kuchokonoa simu yake na kunisomea ya 2007. Ni hivi. Tarehe 28 Julai mwaka huo Tennessee wakaacha mipira, wakaweka kompyuta. Karibu wiki tatu ile mashine haikutoa tarakimu inayojirudia hata mara moja. Cash 3 hakuna, Cash 4 hakuna. Aliyeipanga alikuwa ameiambia, bila kujua, isirudie. Hakuna moja-moja. Hakuna saba-saba. Mpwa akapiga hesabu: katika zile namba 1,000, zenye kujirudia ni 280. Zote 280 zilikuwa zinauzwa kaunta kama kawaida. Hela inapokelewa. Asante, karibu tena. Na nafasi ya kushinda ni sifuri. Sio ndogo. Sifuri kavu.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Ubungo nagombana na trafiki. Lakini iliniuma kama nilikuwepo. Maana moja-moja-sita ni miongoni mwa hizo. Karibu wiki tatu mapacha walikuwa marufuku katika jimbo hili.

"Lakini walirekebisha mjomba, mwaka huohuo."

"Ulichorekebishwa ulikiona?"

"Sikukiona."

"Basi."

Angenyamaza hapo tungelala salama. Akaendelea na ya Iowa. Jirani, vuta kigoda. Kulikuwa na jamaa anaitwa Eddie Tipton. Kazi yake ilikuwa mkuu wa usalama wa kompyuta kwenye chama kinachounganisha bahati nasibu za majimbo. Rudia mwenyewe kimoyomoyo: mkuu wa usalama. Huyo ndiye aliyeingiza kijimaagizo chake ndani ya programu ya kubahatisha. Siku zote mashine inafanya kazi safi, ukiikagua haina doa. Ila tarehe tatu kwa mwaka, 27 Mei, 23 Novemba na 29 Desemba, droo ikiangukia siku fulani na saa fulani, namba zinazoweza kutoka zinabaki mamia machache tu. Na yeye anazo kwenye karatasi. Colorado wakala, Wisconsin wakala, Kansas, Oklahoma. Wengine waliochukua ni mdogo wake, hakimu mdogo kule Texas, mtu ambaye starehe yake ilikuwa kumsaka Bigfoot, lile dude la porini lenye manyoya ambalo hakuna aliyelishika. Sasa dude hajalipata, ila jakpoti kapata.

Kilichomponza Eddie ni ya Iowa kwenyewe. Desemba 2010 akaingia dukani Des Moines amejifunika kofia ya sweta, akanunua tiketi na hotidogi mbili. Tiketi ikashinda dola milioni 16.5. Karibu mwaka mzima hakuna wa kuidai. Zimebaki saa mbili muda uishe, anatokea wakili na kampuni ya Belize. Wakaulizwa mshindi nani. Kimya. Hela ikabaki. 2014 wakarusha video ya ile kamera ya dukani, sura haionekani, lakini sauti inasikika, na wafanyakazi wenzake wakasema hee, si yule wetu? 2017 akakiri, akapigwa miaka mpaka 25. 2022 akatoka kwa parole.

Mimi hotidogi hazikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mtu mwenye ufunguo wa bahati ndiye aliyekuwa anabahatika, na miaka yote hakuna aliyeuliza. Watu wa ajabu sana hawa. Sisi kwenye upatu wetu ingejulikana siku ya kwanza.

Maana sisi, jirani, tuna upatu. Watu kumi na nne wa Antioch, hukuhuku Nashville: Wabongo, Warundi, na Wakongo ambao wenyewe wanauita likelemba. Kila mmoja $200 kwa mwezi, anayepokea anapokea $2,800 kwa mkupuo. Kijumbe nilikuwa mimi. Kila mzunguko ukianza, nakata vikaratasi kumi na vinne, naandika majina, nakunja, natia kwenye hotpoti, mtoto anachomoa mbele ya watu. Hakuna kompyuta. Bahati unaishika kwa mkono, unaiona. Ndiyo maana nikaona nina haki ya kuwafundisha Wamarekani.

Nikaenda kususa rasmi. Nilivaa shati la kola. Jamaa wa kaunta tayari kanichomolea tiketi yangu. Nikamwambia bwana, kuanzia leo sinunui, ni mgomo, napinga droo za kompyuta. Niliyapanga maneno hayo kwa Kiingereza njia nzima. Akasema, sawa. Pampu namba ngapi? Nikamwambia sijaja kwa mafuta. Nyuma yangu foleni ya watu watano. Mama mmoja anakohoa, kikohozi kile cha kukusukuma. Sasa unatokaje pale mikono mitupu, na shati la kola? Nikanunua hotidogi.

Hilo ndilo pigo nisiloelewa mpaka leo. Miguu imezoea kupita pale. Kila jioni nakuta nimeegesha. Siwezi kusimama tu kama mwizi, nanunua hotidogi. Tiketi ilikuwa dola moja. Hotidogi na soda vinagonga dola nne. Nimesusia serikali na mshipi umeshahamia tundu jingine. Halafu usiku, kwa siri, bado nafungua simu kuangalia kama moja-moja-sita imetoka. Natamani itoke! Ikitoka nitakuwa nimeumia, nitakuwa na la kusimulia. Haitoki. Hata mateso inaninyima.

Kazini nikamweleza mzee mmoja Mmarekani mweusi, mtu wa Pittsburgh, tunapakia naye. Nikamwambia babu, mimi naidai mipira. Akacheka mpaka akashika nguzo. Akaniambia mipira? Keti hapo. Tarehe 24 Aprili 1980, kwao Pennsylvania, droo kwenye televisheni, mipira ya kweli, upepo wa kweli. Mtangazaji wa droo, Nick Perry, alikuwa kwenye njama. Mipira ikadungwa rangi nyeupe kwa sindano ikawa mizito, yote isipokuwa nne na sita. Nyepesi ndizo zinazoruka. Zinaweza kutoka namba nane tu, na wenyewe walishazinunua zote kwa wingi. Ikatoka 666.

"Sita-sita-sita, kijana wangu," mzee akasema, "na watu wa kanisani wanaangalia."

Nikakosa raha. Lakini msimamo ni msimamo. Nikauliza mipira isiyodungwa iko wapi. Powerball, wakaniambia. Mipira halisi, inachezeshwa Tallahassee, Florida, mara tatu kwa wiki. Kushinda kule juu ni nafasi moja kati ya milioni 292, lakini mimi sikutafuta kushinda, nilitafuta haki. Nikarudi kaunta na dola mbili, kifua mbele. Jamaa akabonyeza, akanipa. Nikamwonyesha mpwa: ona, mipira. Akageuza tiketi, akaisoma. "Mjomba, hizi namba nani kazichagua?"

Nani kazichagua. Sikumtajia jamaa namba yoyote. Alibonyeza tu, mashine ikanichagulia.

Kompyuta.

Basi nikaona mgomo wa mtu mmoja hauna nguvu, unahitaji umma. Umma ninaoujua ni upatu. Jumapili ya mwisho ya Mei tulikutana kwangu, kufunga mzunguko na kupanga mwingine. Pilau imeshuka, watu wameshiba. Nikasimama. Nikasema ndugu zangu, nimesusia bahati nasibu ya jimbo, nawaomba mniunge mkono. Nikawapa ya 2007. Nikawapa ya Iowa yote, na mikono: mkuu wa usalama, vijikaratasi, mdogo wake, hotidogi. Nilieleza vizuri, jirani. Sijawahi kueleza kitu vizuri vile.

Kimya. Kisha dada mmoja wa Bujumbura akauliza, polepole, "Kumbe kaka unachezaga?"

Nikajibu, nilikuwa. Kila jioni. Miaka miwili.

Hapo nikasikia mwiko unawekwa juu ya meza. Mama Kulwa hakusema kitu. Ningependa angesema.

Mpwa naye, badala ya kuniokoa, akanyoosha kidole kama yuko darasani. Akasema samahani mjomba, hela ya bahati nasibu ya hapa ndiyo inayolipa ufadhili wa HOPE. Mimi nasoma kwa huo. Wamama wanne wenye watoto chuoni wakageuka kwa pamoja. Mmoja akasema kumbe huyu baba anataka watoto wetu warudishwe nyumbani kwa sababu ya mipira? Nikawa adui wa elimu, na nilikuwa bado nimeshika kijiko.

Mzee wa Uvira ndiye aliyemaliza. Mzee wa heshima, huwa hasemi. "Kijumbe anachezaka kamari. Sawa. Lete franga, tuhesabu."

Zilihesabiwa. Zilikuwepo. Nataka hilo uliandike jirani: dola 2,796 zilikuwepo. Zilizopungua ni nne. Siku moja sikuwa na chenji, nikaazima, nikasahau kurudisha. Wakauliza za nini. Nikasema hotidogi. Watu wakaangaliana. Hotidogi, na ile habari ya Iowa wameisikia dakika kumi zilizopita, kutoka kwangu.

Mke wangu ndipo akafungua kinywa. "Baba Kulwa, hiyo moja-moja-sita ni nini?"

Nikapata ahueni. Nikajua hapa moyo utalainika. Nikamweleza mbele ya wote: Kulwa, Doto, na mwezi waliozaliwa, mwezi wa sita.

"Watoto wamezaliwa mwezi wa saba."

Nikamwambia hapana.

"Wamezaliwa Sabasaba. Ulikuja wodini na mahindi ya kuchoma kutoka uwanja wa maonyesho. Ukayala wewe."

Ni kweli. Niliyala. Yalikuwa na pilipili na ndimu. Jioni 730 nimempigia serikali namba isiyokuwa ya watoto wangu. Mpwa akawa ameshachomoa simu, kidole kinatembea, ametafuta matokeo ya miaka miwili aone moja-moja-saba imetoka mara ngapi. Nikamwambia funga hiyo simu. Nikamwambia nakuomba kwa jina la marehemu bibi yako, funga hiyo simu.

Ikabaki kupanga mzunguko mpya. Nikaleta hotpoti na vikaratasi, nimeshavikunja tangu asubuhi. Nikamwita Doto achomoe, kama kawaida. Dada wa Bujumbura akasema subiri kwanza. Akahesabu kwa vidole. Mizunguko mitatu iliyopita, kijumbe alitoka wa kwanza, wa pili, wa kwanza. Nikasema bahati. Akasema karatasi anakunja nani? Nikasema mimi. Anayechomoa ni nani? Mtoto wangu, kwa sababu mtoto hana hila. Akatia mkono kwenye hotpoti, akatoa moja nene. Akauliza mbona hii imekunjwa mara mbili? Nikamwambia ukweli, hiyo ni ya kwangu, huwa naikunja mara mbili kwa kuiheshimu.

Mzee wa Uvira akamwinamia mwenzake. "Ni sawa na ule wa Iowa."

Jirani, mimi sijawahi hata kufika Iowa.

Kijumbe sasa ni yule dada wa Bujumbura. Hotpoti imerudi kuwa ya wali. Mpwa aliambiwa apange zamu kwa programu ya kwenye simu. Ukibonyeza, majina yanazunguka, yanajipanga yenyewe. Nilipinga. Nilisema hii ndiyo ileile ninayoisusia. Wakasema basi susa. Wakabonyeza nikiwa bado naongea.

Nimetoka wa kumi na nne. Mzunguko unaanza Juni, kwa hiyo zamu yangu ni mwakani, mwezi wa saba. Mama Kulwa kaniandikia kiganjani, kwa kalamu isiyofutika.